Weusi Juu ya Weusi: Niliyojifunza kwa Kuchora Wanaanga

Picha yangu ya kwanza ya mwanaanga ilikuwa imekamilika kwa kila kitu isipokuwa jambo moja, na aliyeligundua jambo hilo alikuwa mtoto. Nilikuwa nimetumia karibu miezi mitatu kuchora suti nyeupe yenye mikunjo yake yote, mabomba ya hewa, viraka vya mabegani na helmeti iliyofunikwa kwa kioo cha dhahabu, kisha nikaipa picha jina lililosema kwamba huyu ni mtu mweusi anayetua kwenye sayari ngeni. Siku ya maonyesho, mtoto wa kike wa miaka minane hivi alisimama mbele yake, akaitazama kwa muda mrefu kuliko watu wazima wote waliokuwa wamepita, kisha akaniuliza, "Umejuaje kuwa ndani yumo mtu mweusi?" Nikaanza kumweleza habari za jina la picha, maneno yakaniishia mdomoni. Helmeti ilikuwa imefungwa. Ndani ya ile suti angeweza kuwamo mtu yeyote, au asiwemo mtu kabisa.

Kioo kile cha dhahabu si pambo. Helmeti za wanaanga waliotembea mwezini zilikuwa na utando mwembamba wa dhahabu halisi, kwa sababu dhahabu hurudisha joto na mwanga wa jua, ambao huko hauna hewa ya kuupunguza makali; suti zenyewe ni nyeupe kwa sababu hiyohiyo. Mimi niliichukua dhahabu ile kwa uzuri wake tu, kama nilivyochukua kila kitu kingine katika picha: kutoka kwenye filamu, kwenye majalada ya riwaya za kisayansi, na kwenye picha za safari za Apollo, ambamo watu wote 12 waliokanyaga mwezi kati ya 1969 na 1972 walikuwa wanaume weupe wa Marekani. Niliazima nguo zao na kubandika jina jingine. Nilipofika nyumbani niliigeuza picha ikatazama ukuta, ikakaa hivyo hadi nilipohitaji fremu yake.

Katika picha iliyofuata nikafungua kioo. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza, kwa sababu mwezini anga ni nyeusi hata mchana wa jua kali: hakuna hewa ya kutawanya mwanga na kuipaka anga rangi ya samawati, hivyo jua huwaka katikati ya giza. Mchoraji anayemchora mtu mweupe mahali kama pale amerahisishiwa nusu ya kazi, maana uso unang'aa na giza linausukuma mbele. Mimi nilikuwa na uso mweusi mbele ya anga nyeusi, na kila nilipoanza, uso ulizama. Nikafanya yale ambayo nadhani wengi hufanya wakibanwa. Niliutia uso ukahawia, nikaongeza rangi ya chungwa kidogo mashavuni, kisha nikaipa anga ubuluu ambao haina, na mwishowe nikawa na mtu wa rangi ya asali anayeelea kwenye kitu kinachofanana na bahari. Kila hatua ilikuwa na sababu yake nzuri ya kiufundi. Ukizijumlisha, nilikuwa nimempunguzia weusi mtu ambaye picha nzima ilidai kumtukuza.

Aliyenitoa hapo ni mchoraji Kerry James Marshall, ambaye sijawahi kukutana naye. Mwaka 1980 alichora picha ndogo, isiyozidi ukurasa wa kitabu, ya mtu mweusi mno mbele ya ukuta mweusi, ambaye kwa mbali huonekana macho na meno tu. Ukisogea ndipo kofia, pua na mabega hujitokeza kimoja kimoja. Tangu hapo ameendelea kuwachora watu weusi kwa weusi wenyewe, na ameeleza kwamba hutumia nyeusi tatu tofauti, ile ya mifupa, ile ya kaboni na ile ya chuma, akizitia buluu, kijani au zambarau ili moja iwe na joto na nyingine iwe na ubaridi. Marshall alizaliwa Birmingham, Alabama, mwaka 1955. Katika mji huohuo, mwaka 1914, alizaliwa mwanamuziki Sun Ra, ambaye kwa miaka mingi aliwaambia watu kwamba yeye kwao ni Zohali. Huwa napenda kuwafikiria pamoja, mmoja akitafuta sayari nyingine na mwenzake akitafuta nyeusi nyingine, ingawa ni mimi tu niliyewakutanisha.

Nilinunua mirija mitatu. Mtu asiyechora huweza kudhani kwamba nyeusi ni nyeusi, nami nilidhani hivyo nikiwa nimeshachora kwa miaka kumi. Nyeusi ya mifupa, inayotokana na mifupa iliyochomwa hadi ikawa mkaa, ina ukahawia ndani yake, na ukiipaka nyembamba huruhusu rangi ya chini kuchungulia. Nyeusi ya kaboni, yaani ya masizi, ni baridi. Itie nyeupe kidogo tu uone kijivu chenye ubuluu kikijitokeza. Ya tatu hutengenezwa kwa oksidi ya chuma, nayo ni nzito na hufunika vizuri. Wachoraji huiita nyeusi ya Mars, kwa kuwa wanaalkemia wa zamani walikihusisha chuma na sayari ya Mirihi. Na Mirihi yenyewe huonekana nyekundu kwa sababu vumbi lake limejaa chuma kilichoshika kutu. Nilipolisoma hilo niliweka brashi chini. Miaka yote nilikuwa nikitafuta sayari ya kuweka nyuma ya watu wangu, kumbe ningeweza kuikamua kwenye mrija na kuwapaka usoni.

Kwa hiyo nikaanza upya. Anga nikaipa masizi, tabaka baada ya tabaka. Uso nikaujenga kwa nyeusi ya mifupa iliyochanganywa na umba ya kuchomwa, rangi ya udongo wa kahawia, na kivuli cha chini ya taya nikakitia nyeusi ya chuma yenye chembe ya zambarau. Kwenye mfupa wa shavu, upande ambao mwanga wa dunia ungerudi na kumgusa mtu aliyesimama mwezini, nikaweka mstari wa kijivubuluu mwembamba kama uzi. Chini ya taa ya moja kwa moja yote yalikuwa giza moja. Nilipoinamisha kanvasi kidogo, uso ukatoka: kwanza shavu, halafu ukingo wa pua, halafu jicho, ambalo nilikuwa nimelichora kwa weupe mdogo kuliko nilivyozoea kwa sababu halikuhitaji kupiga kelele. Nikaiinamisha na kuinyoosha mara nyingi usiku ule kama mtoto aliyepata kioo.

Furaha hiyo ilidumu miezi minne. Nilikuwa nimelisahau somo la mwanzo kabisa la rangi ya mafuta, kwamba tabaka la juu lisikauke kabla ya la chini na lisiwe na mafuta machache kuliko lililo chini yake. Masizi hunywa mafuta mengi na hukauka polepole sana. Umba, kwa sababu ya manganizi iliyomo, hukauka haraka. Nami, kwa pupa, nilikuwa nimeanza kwa kuipaka kanvasi yote masizi yenye mafuta tele, na baada ya siku tano nikaupaka uso wa umba juu yake. Ngozi ya juu ilikaza huku ya chini ikiendelea kujinyoosha, na mwezi wa tano nyufa ndogondogo zilianzia pembeni ya mdomo na kupanda hadi kwenye jicho. Anga ilikuwa nzima. Uso ndio uliopasuka. Rafiki mmoja aliniambia niache hivyo, kwamba nyufa zinaongeza maana. Nilimkatalia, na hadi leo nakataa: maana ambayo hukuikusudia, na iliyotokana na haraka yako mwenyewe, ni kosa la ufundi lililovishwa nguo za falsafa. Nilikwangua uso wote nikaanza tena, safari hii nikipaka nyeusi ya chuma chini, kwa kuwa hukauka mapema, na kusubiri wiki kwa wiki.

Kamera nayo ina hila zake, na nitazieleza kwa ufupi. Nilikuwa nikiwapiga picha za simu watu wanaonikalia, wakiwa wamevaa ovaroli nyeupe badala ya suti ya anga, ili niendelee kuchora wakishaondoka. Kila mara suti ilitoka vizuri na uso ukatoka kama shimo. Kamera hupima mwanga wa fremu nzima na kujaribu kuusawazisha; nguo nyeupe ikijaa kwenye fremu, kamera huona mwanga umezidi, huupunguza, na wa kwanza kuzama ni mwenye ngozi nyeusi. Siku hizi napima mwanga kwenye shavu, suti naiacha iungue ikitaka, na mara nyingi naiweka simu mfukoni na kumwomba mtu akae nusu saa zaidi.

Hayo yote ni mambo ya mkono. Yaliyonichukua muda mrefu zaidi ni ya kichwani, na yalianza na neno Afrofuturizimu, yaani sanaa inayowaweka watu weusi katikati ya hadithi za anga, teknolojia na wakati ujao. Neno hilo liliandikwa kwanza na mkosoaji wa Marekani Mark Dery mwaka 1993, wakati kitu chenyewe kilikuwa kimekuwapo zamani katika muziki, riwaya na picha za Wamarekani weusi. Wazo lililonishika zaidi ni lile la wasanii na wanafikra wanaosema kwamba hadithi ya viumbe wageni wanaoshuka na vyombo vyao na kuwateka watu si ya kubuni kwao: mababu zao walitekwa hivyo, wakapakiwa melini, wakashushwa kwenye ardhi ambayo hawakuijua lugha yake, wakanyang'anywa majina. Mchoraji Ellen Gallagher amechora kwa miaka mingi, kwa rangi ya maji na karatasi iliyochongwa kwa wembe, viumbe wa chini ya bahari kutoka katika kisa kilichobuniwa na wanamuziki wawili wa Detroit waliojiita Drexciya, kwamba watoto waliokuwa matumboni mwa wanawake waliotupwa baharini kutoka kwenye meli za watumwa walijifunza kupumua majini wakajenga taifa huko. Nilipokisikia kisa hicho nilinyamaza kwa siku nzima. Kisha nikafanya kosa. Nikachora wanawake wa majini saba mfululizo.

Zilikuwa picha nzuri, na zilinunuliwa. Lakini kila nilipoulizwa kwa nini nimechora hivyo, nilijikuta nikieleza jeraha la mtu mwingine kwa sauti ya aliyeumia. Mtu ambaye nasaba yake ilikatwa baharini anapobuni taifa chini ya maji, anajaza pengo ambalo kweli lipo. Mimi ninayajua majina ya babu zangu hadi kizazi cha tano, na mapengo yangu yako mahali pengine. Mwaka 2019 mwandishi Nnedi Okorafor alieleza kwa nini anatumia neno lake mwenyewe, Africanfuturism, kwa maana ya bunilizi ambayo kitovu chake ni Afrika yenyewe na ambayo haianzi kwa kuzitazama nchi za Magharibi. Sina haja ya kushika bendera ya neno moja dhidi ya jingine, na mijadala ya majina hunichosha upesi, ila tofauti ile ilinisaidia kujiuliza swali ambalo nilipaswa kuwa nimejiuliza mapema: weusi wangu unaelekea wapi, na ulianzia safari wapi?

Jibu la kwanza lilikuja kwa njia ya kicheko. Mwaka 1964, Zambia ilipokuwa ikipata uhuru wake, mwalimu Edward Makuka Nkoloso alitangaza kwamba ana chuo cha wanaanga na kwamba atampeleka angani msichana wa miaka 17 aitwaye Matha Mwamba pamoja na paka wawili. Aliwafunza wanafunzi wake kwa kuwaingiza ndani ya pipa la mafuta na kulivingirisha kwenye mteremko. Waandishi wa kigeni walikuja, wakapiga picha, wakacheka, na dunia ikacheka nao. Mimi pia nilicheka, na picha yangu ya kwanza ya pipa ilikuwa ya mzaha: miguu imechomoza, paka ametoa macho. Ilinichukua rasimu tatu kuona kwamba nilikuwa nimesimama mahali palepale aliposimama mpiga picha wa gazeti, juu ya mteremko, nikiangalia chini. Nkoloso alikuwa amepigana vita vya dunia na alifungwa na wakoloni, na wapo wanaoamini kwamba sehemu ya kazi yake ilikuwa kejeli, kwamba aliyekuwa akichekwa alikuwa naye akicheka. Nikahamia ndani ya pipa. Picha iliyotoka ina duara moja tu la mwanga, mbali, lenye nyasi na kipande cha mbingu kilichopinduka, na mikono ya mtu imebana kuta za pipa pande zote mbili. Hakuna roketi wala nyota. Kati ya picha zangu zote, hiyo ndiyo watu huiita ya anga bila kuambiwa.

Jibu la pili nililipata kwa Eddy Kamuanga Ilunga, mchoraji aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1991. Watu anaowachora wamejifunga vitenge vyenye mikunjo mizito, wameinamisha vichwa kwa uchovu au huzuni, na ngozi yao nyeusi, ukiisogelea, imejaa mistari na nukta za saketi za elektroniki. Kongo ni mojawapo ya nchi zinazoongoza duniani kwa koltani, madini ambayo hutoa tantali ya kutengenezea vipande vidogo vya kuhifadhi umeme ndani ya simu na kompyuta, na watu huyachimba kwa sururu na mikono. Nilipoziona picha hizo nilifikiria roboti zangu zote za chuma kinachong'aa. Nilikuwa nikiichora teknolojia kama mgeni anayekuja kututembelea kutoka mbele, huku yeye akionyesha kwamba imetoka ardhini chini ya miguu ya watu hawa, imepita kwenye migongo yao, na imewaacha na alama. Sikuigiza saketi zake, kwa sababu nilikuwa nimeshajifunza kwa wanawake wa majini. Ila tangu siku hiyo kila kifaa ninachokichora nakiuliza kimetengenezwa kwa kitu gani, na nani alikichimba kitu hicho.

Hapa lazima niseme jambo ambalo bado linanikera. Mwenye jumba moja la sanaa aliwahi kuniita, akazipenda picha zangu za uso ndani ya giza, kisha akaomba niongeze "kitu kinachoonyesha Afrika": kinyago, mkuki, au walau kitenge chini ya suti. Nilimjibu kwa upole kwamba mtu mwenyewe ndiye kitu hicho. Akasema wanunuzi hawatamwona. Nilirudi nyumbani nikiwa nimekasirika, na kilichonikasirisha zaidi ni kwamba mwaka mmoja kabla ningekubali. Sina ugomvi na kitenge. Msanii Yinka Shonibare amewavisha wanaanga nguo ya kitenge tangu mwaka 2000, na mwaka 2015 alitengeneza mwanaanga mkimbizi aliyebeba mgongoni wavu uliojaa mali yake, naye anajua vizuri kwamba kitambaa hicho kilianza kama mwigo wa batiki ya Indonesia uliofanywa na viwanda vya Wadachi, kikafika Afrika kwa biashara, kikawa chetu. Kwake kitambaa kinauliza swali. Nilichoombwa mimi kilikuwa kibandiko cha kuutambulisha mzigo, na hilo halikuwa mbali na jina nililoliandika chini ya helmeti iliyofungwa.

Aliyenifundisha mtu hubeba nini anaposafiri ni shangazi yangu. Ana miaka sabini na kitu, na nilimwomba anikalie kwa sababu nilichoka kuchora vijana. Wakati ujao wa wachoraji wengi hauna wazee, kana kwamba kuna ugonjwa umepita. Nilimletea helmeti ya pikipiki. Alikuwa amesukwa twende kilioni, misuko imara iliyokwenda kisogoni na kufungwa pamoja, na helmeti haikuingia.

"Fumua kidogo, Shangazi," nikasema.

"Nifumue nini, mwanangu? Aliyetengeneza kofia hii alimpima nani kichwa?"

Sikuwa na la kujibu, nikaiondoa helmeti. Wiki iliyofuata nilichora helmeti kuanzia kwenye nywele kwenda nje, yenye mgongo mrefu unaofuata misuko na kuishia kwenye fundo, na ghafla nikawa na umbo ambalo sikuwahi kuliona kwenye filamu yoyote. Halikutoka kwenye ubunifu wangu. Lilitoka kwa mtu aliyekataa kufumua. Nilimuuliza pia angebeba nini kama kweli angepanda chombo, nikitarajia jibu zito. Akasema miwani. "Nikifika huko bila miwani nitajuaje kwamba nimefika?"

Nikakumbuka kwamba Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kwenda angani, aliporuka kwa chombo cha Endeavour tarehe 12 Septemba 1992, alichukua pamoja naye picha ya rubani Bessie Coleman, bango la mcheza dansi Judith Jamison na sanamu ya Bundu, chama cha wanawake, kutoka Sierra Leone. Vitu vyenyewe ni vidogo, vya kuwekwa ndani ya chumba cha chombo ambamo kila gramu huhesabiwa. Hakuvaa hata kimoja. Nimekuwa nikilifikiria hilo kila ninapotaka kuujaza weusi nje ya suti ili uonekane kutoka upande wa pili wa ukumbi. Sasa miwani ya Shangazi imo pichani, mfukoni mwa suti, mkono mmoja wa miwani umechungulia, na anayeitaka itabidi asogee.

Picha ninayoichora sasa ina kitu kingine nyuma yake. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka kwenye jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na pwani ya Kenya, ilirushwa setilaiti ya Marekani iliyokuwa ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa kutafuta miale ya eksirei angani. Ilikuwa sikukuu ya mwaka wa saba wa uhuru wa Kenya, nayo ikapewa jina Uhuru. Ilizunguka polepole ikiichunguza anga hadi 1973, na orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339 vya eksirei. Vipimo vyake vya chanzo kimoja, kiitwacho Cygnus X-1, ndivyo vilivyowasaidia wanasayansi kukishuku kuwa shimo jeusi, kitu ambacho mwanga hauwezi kukitoka na ambacho kilitambulika kwa gesi inayochemka ikizama ndani yake. Nilipatwa na aibu nilipoyajua hayo, kwa maana nilikuwa nimeshachora vyombo vyenye majina ya Kilatini na ya Kigiriki, na kimojawapo nilikibunia jina linalosikika kama la Kijapani, huku neno la lugha yangu likiwa limeshakwenda huko kabla sijashika brashi, tena likaenda kutafuta weusi.

Lugha yenyewe ilikuwa imeniambia mapema, ila sikuisikiliza. Kiswahili hakikuunda neno jipya kwa ajili ya kitu kinachowabeba watu angani; kilisema chombo, neno lilelile la jahazi, na chombo huwa na nahodha, kina shehena, na kina bandari kilikotoka. Vyombo vyangu vya zamani havikuwa na bandari. Vilikuwa vinaelea tu, vizuri na safi, kama vimeshuka kutoka kwenye jalada la kitabu.

Kwa hiyo katika kanvasi hii, yenye urefu wa mita mbili, jukwaa lipo chini kabisa, miguu yake iko majini, na setilaiti ni ndogo kiasi cha kufunikwa na kidole gumba, kwa sababu kweli ilikuwa ndogo. Shangazi amejaa sehemu yote iliyobaki. Anga nimeipaka nyeusi ya chuma, juu yake masizi yenye mafuta zaidi, na baada ya wiki sita masizi tena. Uso wake una tabaka tisa hadi sasa. Kwenye ukingo wa shavu sikuweka tena mstari wa kijivubuluu. Nimeweka mng'ao wa zambarau usiotoka kwenye taa yoyote pichani, na nimeuweka nje kidogo ya ngozi, pale weusi wake unapokutana na weusi wa anga, ili ukingo uonekane kwa kile kinachoutokea.

Alikuja kuiangalia wiki iliyopita. Nilizima taa ya juu, nikafungua dirisha, nikamwelekeza mahali pa kusimama. Hakusimama nilipomwelekeza. Alitembea taratibu kutoka upande mmoja wa kanvasi hadi mwingine, uso ukatoka, ukazama, ukatoka tena, na alipofika mwisho akarudi hatua mbili, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa.

"Hereni ya kushoto siyo hii," akasema. "Hii niliipoteza. Ya kushoto ilikuwa na kijiwe."

Nimeikwangua hereni. Nasubiri sehemu hiyo ikauke.